Shule Mbili, Paa Moja

Jumatatu, 13 Januari
Leo shule zimefunguliwa na mimi nimeanza kazi. Karani wa Shule ya Msingi Chemchemi, Milanzi, kwa majaribio. Asubuhi nilibandika karatasi yenye jina langu, Stumai, kwenye mlango wa ofisi, halafu nikaibandua kwa kuwa hakuna aliyeniambia niibandike. Mvua haijakatika tangu alfajiri. Kwetu Kirando, ziwani, mvua huja kwa kishindo na kwenda zake. Huku nyanda za juu inakaa kama mgeni aliyekosa nauli ya kurudia. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinauma.

Mwenye shule ndiye pia mwalimu mkuu. Ni Mwalimu Victoria, mstaafu wa serikali, mwembamba, na hutembea bila sauti. Mara kadhaa leo nimegeuka nikamkuta nyuma yangu. Hakusema kitu. Ingekuwa afadhali angesema.

Jumanne, 14 Januari
Simu ya ofisi ililia. Nilingoja ilie mara ya pili ndipo nikaipokea. Walikuwa wamekosea namba.

Alhamisi, 16 Januari
Nimekutana na Bwana Raymond. Ana duka la vifaa vya ujenzi Majengo, mjini, na binti yake Jenifa yuko darasa la saba hapa kwetu. Hapandishi sauti. Hugonga meza taratibu kwa ufunguo wa gari, na kila anapogonga nasahau nilichotaka kujibu. Alikuja kuuliza kama ni kweli darasa la Jenifa limeongezewa wanafunzi wawili. Nikasema ni kweli. Akaniambia, bila hasira, kwamba yeye alisoma wakibanana wanne kwenye dawati moja, na analipa ili mwanawe asikae hivyo.

Nimelifikiria jioni yote na naona ana haki. Hilo ndilo linalonitisha kwake.

Ijumaa, 24 Januari
Ng'ambo ya barabara ya lami iko shule ya serikali. Watoto wao wanavaa sweta za bluu, wa kwetu za damu ya mzee. Wakati wa mapumziko wanajipanga pande mbili za barabara na kutupiana maneno. Wa kwetu wanawaita wenzao "watoto wa bure." Wao wanawajibu, "Watoto wa chipsi! Jembe hamlijui!" Malori ya kwenda mpakani Kasesya yakipita wote wananyamaza na kupunga mikono, kisha wanaanza upya pale pale walipoachia.

Mwalimu Victoria ameniagiza niandae kipeperushi cha shule. Nilipofika kwenye madhumuni nikakwama, nikaenda kumuuliza kwa nini aliianzisha shule hii. Alielekeza kidole dirishani. Kisha akanieleza kwamba alifundisha ng'ambo ile ile, kwenye shule ile ile, na mwaka mmoja alipokea darasa kubwa kiasi kwamba Desemba ilifika kabla hajajua majina yote. Mtoto mmoja wa dawati la mwisho, yeye Mwalimu alimwita "wewe wa nyuma" mwaka mzima. Alipostaafu akataka darasa ambalo atajua kila jina.

Nikamuuliza kama niandike hivyo.

"Hapana. Andika tunafundisha kwa Kiingereza. Hicho ndicho wazazi wanachonunua."

Nadhani alitabasamu. Sina hakika.

Jumatano, 29 Januari
Ukungu. Sikuona hata mlingoti wa bendera. Mama Dominika, mpishi, amenipa chungu cha makaa niweke chini ya meza. Moshi umenitoa machozi, lakini miguu imefurahi.

Jumatano, 5 Februari
Umeme umekatika, naandika kwa mshumaa.

Baada ya chakula cha mchana anga iligeuka nyeusi upande wa milimani. Walimu waliwaambia watoto wafunge madirisha. Upepo ulipofika sikuusikia kama upepo, niliusikia kama lori linaloingia ofisini. Nilijificha chini ya meza. Naandika ukweli: nilikuwa wa kwanza kujificha, kabla ya mtoto yeyote.

Nilipoinua kichwa, kupitia dirishani nikaona paa la shule ya ng'ambo likiinuka. Lilianza upande mmoja, taratibu, kama mtu anayefunua sufuria kuchungulia. Kisha likaondoka lote. Mabati yalivuka barabara yakizunguka hewani, moja likachomeka kwenye ua wetu wa michongoma na linaendelea kulia hadi sasa.

Kilichofuata ni kimya, halafu mvua ya mawe, halafu watoto. Walitoka madarasani wakikimbia, mabegi vichwani, na hawakujua wakimbilie wapi. Mwalimu Victoria alikuwa tayari barabarani bila mwavuli. Yule mama anayetembea bila sauti alipaza sauti hadi nikamsikia nikiwa chini ya meza: "Huku! Njooni huku!" Akasimama katikati ya lami mpaka mtoto wa mwisho akavuka.

Hakuna aliyeumia, isipokuwa mmoja aliyekatwa kidole, akafungwa kitambaa na kukionyesha kwa kila mtu kwa fahari. Ukumbi wetu ulijaa. Sweta za bluu na za damu ya mzee zote zililowa, zikawa rangi moja. Mama Dominika alipika uji hadi unga ukaisha.

Alhamisi, 6 Februari
Mwalimu mkuu wa ng'ambo, Mwalimu Teodori, alikuja asubuhi na mabuti ya mpira. Ni mtu mnene, mcheshi, lakini leo alisimama mlangoni na kushika kofia mikononi. Alisema ameambiwa na mamlaka ya elimu kwamba hadi paa lipatikane, watoto wahamie shule iliyo ng'ambo ya mto. Mto huo kipindi hiki hufunika daraja la magogo. Akaomba, kama inawezekana, tumpokelee darasa la nne na la saba tu, maana hao wana mitihani ya taifa mwaka huu.

Mwalimu Victoria akamuuliza wengine watavuka mto wakiwa na nani. Mwalimu Teodori akaigeuza kofia mikononi.

"Basi walete wote," akasema Mwalimu Victoria, kisha akanigeukia mimi. "Stumai, panga."

Nimepanga. Ukumbi madarasa mawili, bwalo mawili, ofisi yangu darasa la kwanza, na la nne na la saba wabanane na wenzao wa kwetu. Naandika nikiwa stoo, nimekalia gunia la maharage.

Jumatatu, 10 Februari
Sikutegemea kwamba nitaandika hivi: ni furaha tupu. Kelele, ndiyo. Foleni ya choo inafika getini. Lakini leo Mwalimu Teodori alifundisha hesabu madarasa yote mawili ya saba kwa pamoja. Anafundisha sehemu kwa kukata ugali. Ugali wa kweli, kwenye sinia, na anayekosea anasubiri wenzake wale. Watoto wetu, ambao kwa kawaida wanahesabu dakika za kipindi, waligoma kwenda mapumziko.

Jenifa anakaa na msichana wa ng'ambo aitwaye Emerensiana, mdogo wa umbo, anayepiga hesabu kichwani huku macho yake yako kwingine. Jenifa anamfundisha Kiingereza. Nilipita nikasikia Emerensiana akimwambia, "Wewe chipsi, hiyo tano umeitoa wapi?" na Jenifa akimjibu, "Sema kwa Kiingereza, wewe bure." Wote wawili wakacheka hadi wakalala juu ya dawati. Dawati lilikuwa na watoto wanne.

Alhamisi, 13 Februari
Nilijua haitadumu. Bwana Raymond amekuja ofisini na wazazi wengine wa mjini, darasa la kwanza wakiwa wameshakwenda nyumbani. Ufunguo ukagonga meza. Alisema anamheshimu Mwalimu na anawahurumia wale watoto, na si mtu wa kumnyima mwenzake hifadhi siku ya mvua. Lakini siku imekuwa wiki na wiki itakuwa muhula. Akasema, "Mwalimu, kama ningetaka mwanangu asome na wale, pale ng'ambo ni bure. Mwisho wa mwezi huu watoke. Wasipotoka, tunawatoa wa kwetu."

Mwalimu Victoria alimsikiliza hadi mwisho. Akasema ataitisha mkutano wa wazazi wote Jumamosi ya tarehe 22, na wataamua kwa kunyoosha mikono.

Walipoondoka akaketi kwenye kiti changu. Alichukua kalamu yangu, akaifunga kifuniko, akaifungua, akaifunga tena, nami nikashangaa, kwa sababu nilidhani katika jengo hili mwenye woga ni mimi peke yangu. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kwamba wazazi hao wakiondoka, shule haitafika Juni. Na wale watoto wakitoka, watavuka mto.

"Mimi sijui kuwaambia nini," akasema. "Wana haki, na mimi nina haki."

Jumatatu, 17 Februari
Sijala vizuri tangu Alhamisi. Nimetumwa kuandika ujumbe wa simu wa kuita mkutano, na naona wazi kitakachotokea. Wazazi wa mjini watakuja wote. Wazazi wakulima, ambao watoto wao wako hapa kwa jasho la mahindi na maharage, hawaji mikutanoni, na sasa ni wakati wa palizi. Na karibu wote wana watoto wa ndugu zao ng'ambo. Wasipokuja, kura imekwisha kabla haijapigwa.

Kwetu ukiita watu kwa shauri, unawawekea kitu cha kunywa, na ukisema mapema watu wanajitahidi kufika. Nikamuuliza Mama Dominika tunaweza kuwapa nini. Akasema hapa kwao ni kimpumu, ile pombe ya ulezi. Nikasema Mama, hapa ni shuleni, halafu mimi ni Mwislamu. Akacheka, akasema basi togwa ya ulezi, tamu, haimleweshi mtu. Kisha akanitazama kwa makini.

"Kazi yenyewe ni kubwa?"

Nikamwambia ni kubwa sana, kubwa kuliko zote tangu nije hapa. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, na kusema atapika mapipa.

Nikaandika: "Wazazi wote mnaitwa shuleni Jumamosi saa tatu asubuhi. Togwa ya ulezi ipo ya kutosha." Mwalimu Victoria alisoma, akasoma tena, akanirudishia simu.

"Tuma."

Ijumaa, 21 Februari
Stoo nzima inanukia ulezi. Nimeota niko mkutanoni bila viatu.

Jumamosi, 22 Februari
Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Wazazi wa mjini walifika kwanza, kwa magari. Bwana Raymond alikuwa wa kwanza kabisa, shati jeupe, kiatu kinang'aa. Ilikuwa bado saa tatu kasoro na kulikuwa na ubaridi, lakini alisema ana kiu. Mama Dominika akamkaribisha kikombe. Akanywa, akasifu, akasema hajaonja togwa ya namna hii tangu bibi yake afariki. Akaomba cha pili. Nikamhudumia mwenyewe, nikidhani kwamba tumbo likishiba moyo utalainika.

Saa tatu ilipofika nikasikia kuimba. Nikatoka hadi kibarazani. Kutoka njia ya mashambani walikuwa wanakuja watu, wanaume kwa wanawake, mstari usiokwisha, na kila mmoja alikuwa na jembe begani. Wengine walikuwa na shoka, mmoja ana ngazi, wanawake wana ndoo. Mbele yao alikuwa Mzee Mathias, babu wa watoto wetu watatu, amevaa koti refu la kijeshi na kofia ya sufu.

Watu wa hapa wakisalimiana hawapeani mikono tu. Wanachutama kidogo na kupiga makofi taratibu. Mzee Mathias alichutama na kunipigia makofi, mimi, binti wa umri wa mjukuu wake, na wote nyuma yake wakafanya vivyo hivyo. Nikasema shikamoo mara nne au tano kwa sababu sikujua niseme nini kingine.

"Marahaba, mwanangu. Tumeitikia. Kazi iko wapi?"

Nikageuka kumtafuta Mama Dominika. Alikuwa anapanga vikombe, uso umejaa sherehe. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Katika nchi hii ya juu, mtu akitangaza kwamba ametengeneza kinywaji cha ulezi na anaita watu, haiti mkutano. Ana shamba la kulima, au matuta ya kuinua, au nyumba ya kusimamisha, na anaomba mikono. Kila Mfipa, mwenyeji wa huku, anajua. Mimi mtu wa ziwani ndiye sikujua, na niliwaita wote kwa simu.

Watu wote wale walikuwa wameacha palizi yao. Wananitazama. Mapipa ya togwa yanafuka nyuma yangu. Nilifikiria kusema kwamba ni kosa, samahani, warudi nyumbani. Nilifungua kinywa na sauti haikutoka. Mkono ndio uliotoka. Ulinyooka wenyewe, ukaelekeza ng'ambo ya barabara, kwenye kuta zisizo na paa.

Mzee Mathias akatazama, akakohoa. "Haya," akasema, na msafara mzima ukageuka.

Bwana Raymond alikuwa amesimama karibu na gari lake na kikombe mkononi. Alikuja kwangu haraka, akasema, "Dada, hapa tumeitwa kwenye mkutano." Kabla sijajibu Mzee Mathias alikuwa amesharudi. Akamtazama kiatu, shati, na mwisho kikombe.

"Wewe si mtoto wa marehemu Kornel?"

"Ndiye, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Umekunywa?"

Bwana Raymond akatazama kikombe kana kwamba mtu mwingine amekiweka mkononi mwake.

"Viwili," akasema Mama Dominika kutoka kwenye pipa.

Watu wakacheka, hata wale wa mjini. Mzee Mathias hakucheka. Akamnyooshea jembe lake mwenyewe kwa mikono yote miwili. Ninachoandika nilikiona kwa macho yangu: Bwana Raymond alivua viatu, akaviweka kwenye boneti ya gari, akakunja suruali na kulipokea jembe. Nadhani angeweza kukataa mahakama, lakini si hili. Wazazi wengine wa mjini waliokuwa wameshakunywa walitazamana. Wasiokuwa wamekunywa walitazama vikombe vyao, na mmoja mmoja wakavimaliza.

Walichimba mtaro kuzunguka madarasa yote ili maji yasisimame. Walitoa mabati yaliyopinda, wakayanyoosha kwa magogo. Mafundi walipanda ukutani. Mwalimu Teodori, ambaye hakuwa ameambiwa chochote, alitokea kwake akiwa na mswaki mdomoni na kubaki hivyo. Watoto walibeba mawe. Jenifa na Emerensiana walishika ndoo moja, kila mmoja upande wake. Jenifa alipomwona baba yake ndani ya mtaro, matope hadi magotini, aliita kwa Kiingereza. Sikusikia alichosema, lakini baba yake alicheka. Ni mara ya kwanza kuona meno yake.

Mvua ikaanza adhuhuri na hakuna aliyeondoka. Saa kumi, watu wakiwa wamekaa kibarazani kwetu na vikombe, Mwalimu Victoria alisimama, akasema mkutano bado upo, nao una ajenda moja. Watu wakashusha vikombe.

Bwana Raymond hakusimama. Alikuwa anajikwangua matope kwa kijiti. Akasema, "Mwalimu, mimi nimechimba mtaro wa wale watoto. Sasa niwafukuze nikiwa na jembe hili hili? Wakae. Mabati yanayopungua njooni dukani Jumatatu." Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba dawati la watu wanne bado halimpendezi. Mwalimu Victoria akasema hata yeye halimpendezi.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Hakuna aliyeombwa anyooshe.

Jumapili, 23 Februari
Nilikwenda kwa Mwalimu Victoria kueleza kosa langu kabla halijaelezwa na mwingine. Nilikuwa nimejizoeza maneno njia nzima. Alinikaribisha chai, akaniacha niseme yote hadi mwisho, akiniongezea sukari.

"Mimi nimezaliwa hapa, Stumai. Ujumbe wako niliusoma mara mbili."

Nikabaki na kikombe hewani. Akasema aliponiona naandika togwa alijua kitakachotokea, na kwamba kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile alilala usingizi. Kisha akaanza kucheka. Anacheka bila sauti pia, lakini mabega yote yanacheka.

Jumamosi, 1 Machi
Mbao za paa zimesimama. Mama yangu amepiga simu kutoka Kirando, amesema huenda Ramadhani ni kesho. Nikamwambia kuhusu togwa. Bado anacheka, nadhani.

Jumamosi, 8 Machi
Mabati yamepigwa yote. Bwana Raymond alikuja na gari lake la mizigo, na jembe. Mzee Mathias akamwambia siku hii hakuna kulima. Akasema anajua, amelileta tu.

Jumatatu, 17 Machi
Wamerudi kwao. Walivuka barabara madawati vichwani, wakiimba, na paa jipya likang'aa. Nilifurahi hadi walipokwisha vuka. Kisha nikarudi ofisini, ofisi yangu mwenyewe, pana, na nikasikia saa ya ukutani. Bwalo nusu lilikuwa tupu. Mama Dominika alikuwa amepika uji mwingi kupita kiasi, kwa mazoea.

Darasa la saba lote lilikaa kimya kipindi cha hesabu. Mwalimu wao alipouliza kuna nini, Jenifa akasema, "Sir, you have no ugali."

Alhamisi, 20 Machi
Mwalimu Teodori na Mwalimu Victoria walikaa ofisini kwangu saa nzima, nami nikijifanya napanga mafaili. Wamekubaliana, na mamlaka imeridhia. Kuanzia Jumatatu madarasa ya saba ya pande zote mbili yatasoma pamoja, hesabu ng'ambo kwa Mwalimu Teodori, Kiingereza na sayansi hapa kwetu. Yataongezwa madawati kila upande, ili watoto wakae wawili wawili. Nimeuliza, kwa woga, kama wazazi wataridhia. Mwalimu Victoria akasema Bwana Raymond ndiye aliyemshauri, kwa sababu nyumbani Jenifa amegoma kupiga hesabu na mtu yeyote asiyekata ugali.

Niliuliza na jambo jingine, maana lilikuwa linanikosesha raha: ni nani atawavusha watoto barabara, asubuhi, pikipiki na malori yakikimbia vile.

Wote wawili walinitazama.

Jumatatu, 24 Machi
Nimefunga, na kulikuwa na ukungu. Saa mbili asubuhi darasa la saba lilijipanga getini, na ng'ambo Emerensiana na wenzake walikuwa juu ya ukuta wakiwaita, "Chipsi! Chipsi, ugali unapoa!"

Nilivaa koti la njano alilonipa Mwalimu Teodori. Linanifika magotini. Nilitazama kushoto, nikatazama kulia, nikatazama tena kushoto. Pikipiki mbili zilikuwa zinakuja, na nyuma yazo lori la Kasesya, limewasha taa. Nilitaka kusubiri lipite. Kisha nikafikiri baada yake litakuja jingine, na jingine, na watoto wamesimama kwenye baridi.

Nikaingia katikati ya lami, nikainua mkono.

Pikipiki zikasimama. Lori likapunguza mwendo, likaguna, likatoa pumzi ndefu na kusimama mbele yangu, kubwa kama nyumba. Dereva akatoa kichwa dirishani, nikadhani atanitukana.

"Haya, mwalimu," akasema. "Wavushe."

Nikawavusha.